"Tutakatana": namna ya kuandikiana na mpangaji kabla hujampa ufunguo

Neno lililonigharimu ni moja tu: tutakatana.

Nilikuwa uani kwetu Barani, hapa Malindi, kijana wa watu amekuja kuangalia chumba cha nyuma chenye choo chake ndani. Kodi ni 6,000 kwa mwezi. Akaniambia, "Shangazi, chumba hiki nitakirekebisha mwenyewe, halafu tutakatana kwenye kodi." Nikamjibu, "Hakuna neno mwanangu, tutakatana." Akilini mwangu nilikuwa naona ndoo mbili za rangi na wavu wa mbu dirishani. Yeye alikuwa anaona vigae vya sakafuni, mlango mpya na sinki. Mwezi wa tatu akaja na bahasha ya risiti za duka la vifaa: 41,000. Kwa hesabu yake, angekaa karibu miezi saba bila kunipa shilingi.

Hakuwa mwongo, na mimi sikuwa mwongo. Kila mmoja alikuwa anakumbuka sawasawa kile alichokifahamu siku ile. Mzee wa mtaa akatukalisha, tukagawana hasara nusu kwa nusu, kijana akahama. Kilichoniuma zaidi si pesa. Mimi na mamake tulikuwa tukipelekeana futari kila Ramadhani. Sasa tukikutana sokoni tunasalimiana mbiombio, kila mtu na kapu lake.

Tangu hapo sipangishi kitu bila karatasi. Mimi si wakili. Nina vyumba sita na duka moja, urithi wa baba. Lakini nimeuliza, nimesoma, na nimekaa kwenye vikao vingi vya kusuluhisha watu. Jambo ambalo wenye nyumba wenzangu wengi hawalijui ni hili: wanadhani kutoandika kunawaacha huru, kwamba bila mkataba wanaweza kumtoa mtu wakati wowote au kupandisha kodi wapendavyo. Ni kinyume chake. Usipoandika, sheria inakuandikia mkataba wake, na mara nyingi mkataba huo unakubana kuliko ule ambao ungeuandika mwenyewe.

Na wale wanaoona haya kumwambia jirani "tuandikiane", nawakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Wanaoambiwa waandike ni walioamini, watu wanaotazamiwa kuaminiana tangu mwanzo. Wazee wetu nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kupangisha

Pwani swali hili lina mambo mengi ndani yake. Kama nyumba ni ya marehemu na mirathi haijagawanywa, wewe uliyebaki nyumbani si mwenye nyumba peke yako. Nimeona nyumba ambayo kaka mkubwa anapokea kodi kwa simu yake, dada aliyeolewa Mombasa anampigia mpangaji kudai fungu lake, na mpangaji hajui amlipe nani. Waiteni warithi wote, waandike karatasi ya kumteua mmoja apangishe na apokee kodi kwa niaba yao, na namba ya simu itakayolipwa itajwe. Wakishindwa kuelewana, kwa Waislamu mlango wa mirathi ni mahakama ya Kadhi. Suala hilo limalizeni kabla ya kumwingiza mtu wa tatu.

Kuna wengine wenye nyumba bila ardhi: kuta na bati ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Unaweza kupangisha vyumba, lakini usimwahidi mpangaji miaka mingi juu ya ardhi ambayo wewe mwenyewe huna uhakika nayo. Na nyumba ya wakfu ina msimamizi wake. Huyo ndiye wa kuulizwa.

Wewe mpangaji pia una haki ya kuuliza. "Samahani baba, nyumba hii ni yako au ya familia?" si utovu wa adabu.

Hatua ya 2: Jua sheria imekwisha kukuandikia nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoanguka.

Tuanze na chumba au nyumba ya kuishi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inasema ukimruhusu mtu akae kwenye mali yako kwa kodi, bila maandishi yoyote, upangaji huo unahesabiwa kuwa wa vipindi. Kodi ikilipwa kwa mwezi, ni upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuumaliza, awe wewe au yeye, atatoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Kwa hiyo yule anayemwambia mpangaji wake Ijumaa jioni "kufikia Jumapili uwe umetoka, hatukuandikiana", amekosea. Sheria hiyo hiyo inaruhusu upangaji wa miaka miwili au chini yake ufanywe kwa mdomo. Maneno yako ni mkataba. Shida yake ni kwamba hakuna aliyeyahifadhi.

Upangaji unaozidi miaka miwili ni jambo jingine. Huo lazima uandikwe na usajiliwe. Sheria ya Mikataba nayo haikubali mtu aende mahakamani kudai haki juu ya ardhi kwa ahadi ambayo haikuandikwa, ikatiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Mpangaji aliyeahidiwa "kaa hata miaka kumi, hapa ni kwenu" na akamwaga pesa zake kujenga, amesimama kwenye mchanga.

Vyumba vya kodi ndogo, vile ambavyo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, vina sheria yake ya kudhibiti kodi, sura ya 296 ya Sheria za Kenya, na baraza lake. Huko huwezi kupandisha wala kumtoa mtu bila kupitia kwenye baraza hilo, uwe umeandika au hukuandika.

Sasa duka. Kaka yangu ana chumba kinachotazama barabara. Alimpa dada mmoja mshoni, kwa mdomo, "miezi sita tu, mpaka mwanangu arudi kutoka Mombasa." Ikapita miaka miwili. Mwana alipotaka kurudi, kaka akaandika barua ya kawaida: mwezi mmoja, uhame. Dada hakugombana. Alikwenda kwenye baraza la migogoro ya majengo ya biashara, na barua ya kaka ikatupwa.

Sababu ni sura ya 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Chini ya sheria hiyo, upangaji wa duka usioandikwa ni upangaji unaolindwa. Ukitaka kuumaliza, au kubadilisha sharti lolote hata kodi, lazima utoe notisi kwenye fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi miwili, na utaje sababu miongoni mwa zile zinazokubaliwa: malimbikizo ya kodi, kukiuka masharti, kutaka kubomoa na kujenga upya, kutaka kukitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka, na nyingine chache. Soma hapo: kukitumia mwenyewe. Mwanao si wewe. Na mpangaji akikataa na kupeleka shauri barazani, notisi inalala mpaka baraza liamue.

Wengi wakisikia hayo husema, basi nitaandika mkataba wa mwaka mmoja niwe huru. Hapana. Hata duka lililoandikiwa mkataba usiozidi miaka mitano linalindwa vilevile, na hata wa zaidi ya hapo ukiwa na kifungu cha kuuvunja katikati bila kosa ndani ya miaka hiyo mitano. Ndiyo maana utaona mawakili wakiandika mikataba ya maduka ya miaka mitano na miezi kadhaa. Karatasi ya mwaka mmoja haikutoi kwenye ulinzi huo, lakini inakupa jambo kubwa: mbele ya baraza, kodi ni kiasi gani, choo ni cha nani kusafisha na mpangaji ameruhusiwa biashara gani, vyote vimeandikwa. Bila hiyo ni neno lako na neno lake.

Hatua ya 3: Kaeni kitako, mfasirini maneno mepesi

Kabla ya kalamu kuna mazungumzo. Usiyafanye mlangoni mpangaji amesimama na begi. Mkaribishe ndani, mtilie chai, ziongeleeni zile kauli ambazo sote tunazitumia na ambazo kila mtu anazisikia kwa sikio lake. Mimi nimeziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Tutakatana." Kazi gani hasa, kwa bei isiyozidi kiasi gani, na itakatwa shilingi ngapi kila mwezi? Sasa ninaandika hivi: mpangaji ataweka vigae sakafuni, gharama ya juu 15,000 kwa risiti, atakatwa 1,500 kwa mwezi kwa miezi kumi. Kazi isiyoandikwa hapa hailipwi. Akihama kabla hesabu haijaisha, baki linalipwa au halilipwi? Amueni siku hiyo hiyo.

Neno hili ni zito zaidi kwa ndugu zetu wa Lamu. Binamu yangu ana nyumba kuukuu ya mawe kule Mkomani, kuta nene, zidaka zimeanza kumomonyoka, boriti za dari zimeliwa. Alikuja mgeni kutoka Ulaya, akapendezwa, akasema ataikarabati yote kwa pesa yake akae bure miaka kadhaa. Mpango wenyewe si mbaya. Nyumba nyingi zimenusurika kwa njia hiyo. Lakini nilimwambia binamu asimpe ufunguo kwa kupeana mikono. Miaka kadhaa maana yake ni mkataba wa wakili, uliosajiliwa. Mgeni asiye raia anaweza kupewa upangaji, hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, na Katiba imeweka kikomo cha miaka 99. Kisha Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, ukarabati una taratibu za uhifadhi, kwa hiyo andikeni nani ataomba kibali, na kwamba kazi itafanywa kwa chokaa na fundi anayeijua, si kwa saruji. Hata gharama ya punda wa kubeba mawe na mchanga kutoka gatini iandikwe ni ya nani. Binamu alinicheka kwa hiyo ya punda. Ilipofika hesabu ya mwezi wa kwanza hakucheka tena.

"Niko peke yangu." Leo peke yake, baada ya miezi mitatu yuko mke, shemeji na mtoto wa shule. Sikatai mtu kuwa na familia, na ni aibu kumkataza mtu kumlaza mamake mgonjwa. Lakini maji ni ya mita moja na choo kinajaa. Andikeni watakaa wangapi, na mgeni wa zaidi ya siku ngapi anatolewa taarifa.

"Maji na stima ni juu yako." Sawa, lakini stima ya mita ya tokeni ya chumba chake, au mita ya pamoja mnayochangia? Na bomba likikauka siku nne, kama inavyotokea hapa Malindi, mitungi ya kununua inalipwa na nani? Kisima cha uani ni cha bure kwa wote?

"Dipoziti utarudishiwa." Lini? Kwa kutoa nini? Na je, inaweza kugeuzwa kodi ya mwezi wa mwisho? Wapangaji wengi huona ni haki yao: "Shangazi, ikalie tu." Halafu anaondoka ameacha bili ya maji na kioo kilichovunjika. Mimi naandika kwamba dipoziti si kodi.

"Kikiharibika nitatengeneza." Huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu. Bawaba, nondo za dirisha, mabati. Mlango wa chuma usiopakwa rangi miaka miwili unaanza kutoa unga mwekundu. Kinachooza kwa umri na hewa ni changu. Kilichovunjwa kwa mkono ni chake. Paa la makuti lina umri wake pia; andika ni nani ataezeka upya, na iwe kabla ya mvua za masika.

Hatua ya 4: Andika, kwa Kiswahili chenu

Hakuna ulazima wa Kiingereza cha mahakama. Mkataba ambao mpangaji hauelewi utaleta ugomvi ule ule wa ahadi ya mdomo. Wa chumba changu ni ukurasa mmoja na nusu. Sehemu yake inasomeka hivi:

"Mimi, mwenye nyumba (jina kamili, namba ya kitambulisho), nimempangisha (jina kamili, namba ya kitambulisho) chumba cha tatu kutoka mlango wa barabarani, chenye choo ndani, nyumba iliyoko Barani, Malindi.

Upangaji unaanza tarehe 1 na ni wa mwezi hadi mwezi. Kodi ni shilingi 6,000, hulipwa kufikia tarehe 5 ya kila mwezi kwa namba ya simu (namba). Kodi haitapandishwa ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, mwenye nyumba atatoa taarifa ya maandishi ya miezi miwili.

Dipoziti ni shilingi 6,000. Si kodi ya mwezi wa mwisho. Itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi ufunguo, ikiwa imetolewa gharama za uharibifu na bili ambazo mpangaji ameonyeshwa risiti zake.

Anayetaka kuumaliza upangaji huu atampa mwenzake notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Ujumbe wa simu kwa namba zilizoandikwa hapa ni maandishi.

Mpangaji akichelewa kodi kwa sababu ya ugonjwa au msiba, atamwambia mwenye nyumba kabla ya tarehe 5, na watakubaliana kwa maandishi tarehe mpya."

Hicho kifungu cha mwisho nilikitunga mwenyewe na ninakipenda kuliko vyote. Malindi inaishi kwa misimu. Wageni wakiondoka na kusi ikianza kuvuma, mhudumu wa hoteli na dereva wa tuktuk hawapati kitu kwa wiki nyingi. Mtu mwema anaanza kukukimbia, anapita njia ya nyuma usimwone. Kifungu hiki kinampa ruhusa ya kuja kusema.

Usiandike vitisho ambavyo sheria haikupi. "Nitafunga kufuli", "nitang'oa bati", "nitatwaa televisheni": hata akivitilia sahihi, havikupi haki hiyo. Kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria, na kumtoa mtu anayekataa kutoka kunahitaji amri. Ukijichukulia mkononi, aliyekuwa mdaiwa anageuka mlalamikaji.

Hatua ya 5: Tembeeni chumbani pamoja

Siku ya kukabidhi ufunguo, chukueni simu mpige picha kila ukuta, dari, choo, kufuli, swichi. Soma mita ya maji na mita ya stima mbele yake, uandike namba. Andika kasoro pia, na hasa kasoro: "kigae kimoja kimepasuka karibu na mlango, dirisha la kaskazini halifungi vizuri." Mwenye nyumba anayeficha ufa wa leo atashindwa kudai ufa wa kesho. Tumianeni picha hizo palepale, ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili.

Hatua ya 6: Sahihi, mashahidi, stempu

Nakala mbili, kila mtu na yake. Kila upande ulete shahidi wake, mtu mzima anayewaona mkitia sahihi, aandike jina na namba yake ya kitambulisho. Mimi hupenda shahidi mmoja awe jirani wa nyumba hiyo, maana ndiye atakayekuwepo siku ya kuulizwa. Kama mmoja hajui kusoma, asomewe mkataba wote kwa lugha anayoifahamu, na shahidi aandike kwamba amesomewa na ameelewa kabla ya kuweka dole gumba. Msiliruke hili.

Mkataba wa duka, na upangaji wowote wa muda mrefu, ulipie ushuru wa stempu. Kwa upangaji wa miaka mitatu au chini yake ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Ukizidi hapo ni asilimia 2. Duka la 15,000 kwa mwezi lina kodi ya 180,000 kwa mwaka. Mkataba wake wa miaka miwili unalipiwa 1,800. Karatasi isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini yake. Ni huzuni kuwa na mkataba mzuri sandukuni na hakimu ashindwe kuusoma kwa ajili ya pesa ya mchele wa wiki.

Wengine wanaogopa maandishi kwa sababu ya kodi ya serikali. Tuseme wazi. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi inamhusu mwenye kupokea kuanzia 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15, yaani kuanzia wastani wa 24,000 kwa mwezi. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya unachopokea, ikilipwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye vyumba viwili vya 6,000 hayumo kwenye kodi hii. Mimi mwenye vyumba sita, vikijaa vyote na kila kimoja kikilipwa 6,000, napokea 36,000, nalipa 2,700. Nimeilipa na ninalala. Kutoandika hakukufichi, kwa sababu pesa za simu zimejiandika zenyewe.

Hatua ya 7: Risiti kila mwezi, hata kwa ndugu

Pesa ikipitia kwenye simu, usifute ujumbe, na mwambie mpangaji alipe kwa namba iliyo kwenye mkataba, kwa jina lake. Kodi ikitumwa na shemeji yake, mjibu siku ile: "Nimepokea 6,000 kutoka kwa fulani, kodi ya chumba cha tatu, mwezi wa Machi." Ikilipwa taslimu, kitabu cha risiti chenye karatasi ya nakala kinauzwa dukani. Taja mwezi unaolipiwa. Risiti isiyotaja mwezi ndiyo inayozaa "nilikulipa mbele".

Hatua ya 8: Neno likibadilika, liandikwe siku hiyo hiyo

Mikataba mingi mizuri hufa hapa. Mnaandika vizuri mwanzoni, kisha mwaka wa pili mnarudi kwenye mdomo: punguzo la msimu mbaya, ruhusa ya kuongeza kibanda cha kukaangia viazi mbele, ahadi ya kununua tangi. Si lazima mwandike mkataba upya kila mara. Ujumbe mmoja unatosha, mradi ujibiwe. Huu ndio niliomtumia mpangaji wangu mwaka huu:

"Asalaam alaykum mwanangu. Kama tulivyozungumza leo baada ya alasiri, kodi ya mwezi wa tano utanipa 3,000 tarehe 5 na 3,000 tarehe 20. Mwezi wa sita tunarudi 6,000 tarehe 5. Nijibu kama ndivyo."

Akajibu, "Ndivyo shangazi, Mungu akuweke." Basi. Ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani, ukiambatana na cheti cha kuthibitisha ulikotoka, kwa hiyo usibadilishe simu ukaitupa ya zamani na kumbukumbu zako zote.

Hatua ya 9: Kama tayari una wapangaji wa mdomo

Wengi wenu mnaosoma mko hapa, na hili linahitaji moyo wa upole. Mtu amekaa kwako miaka, ghafla unamletea karatasi. Atafikiri unamfukuza au unapandisha kodi. Usimpelekee pamoja na habari ya kupandisha kodi. Tenganisha mambo hayo kwa miezi kadhaa. Anza kwa kuandika yaliyopo, kama yalivyo: kodi ile ile, tarehe ile ile, chumba kile kile. Hata yale aliyozoea bila ruhusa, kama banda la kuku, yaandike. Unachokitafuta ni ukweli wa leo uwe kwenye karatasi. Mabadiliko yaje baadaye, kwa kukubaliana na kwa notisi yake. Kwa duka kumbuka sura ya 301: mpangaji wako tayari analindwa, na karatasi mpya haimwondolei ulinzi huo.

Mpangaji wangu wa muda mrefu ni mama mmoja muuza mahamri, miaka kumi na moja kwenye chumba cha mbele, kodi 3,500. Nilipomgusia aliweka sinia chini. "Bi mdogo, nimekukosea nini?" Nikamwambia, "Hujanikosea, mama. Nikifa kesho, wanangu watajuaje kwamba wewe unalipa 3,500 na si 6,000?" Alinyamaza kidogo. Akasema nimwite mjukuu wake aliye kidato cha pili amsomee.

Mjukuu alisoma polepole, mstari kwa mstari, mama akiitikia kwa kichwa. Tulipofika mwisho akauliza kama na yeye anaweza kutia neno lake. Nikamwambia mkataba ni wa wawili. Akanyoosha mkono uani, kwenye mdimu alioupanda mwaka aliohamia, ambao wapangaji wengine huchuma bila kuuliza. Tukaongeza kifungu cha tisa kwa kalamu, pembezoni, wote tukatia alama: ndimu za mti ule ni zake mpaka siku atakayohama. Akaweka dole gumba, akalifuta wino kwa khanga, akarudi kwenye mahamri yake yaliyokuwa yanaungua.